Elimu kwa Wananchi: Jina Lenye Ritifaa na Saini Inayokataliwa

Kikundi cha wafugaji kinapounganisha daftari lake la wanachama na mfumo wa malipo, kazi yaweza kwenda vizuri mpaka lifike jina moja. Taarifa za Masanja hupokelewa. Za Ng'wandu hurudishwa zikiwa na namba 401, maana yake mwombaji hakutambuliwa. Mhudumu hulaumu mtandao, mwanachama huondoka bila stakabadhi, na kijana aliyetengeneza programu hubadilisha ufunguo wa siri mara tatu pasipo mafanikio. Ufunguo ungekuwa na kosa, Masanja naye angekataliwa.

Yafaa kwanza kufahamu saini ya ombi ni kitu gani. Programu haiutumi ufunguo wake wa siri kwenye intaneti. Huchukua maneno ya ombi, yaani anwani ya seva pamoja na vigezo vyote, huyachanganya na ufunguo kwa kanuni ya hesabu, na kupata mfuatano mfupi wa herufi. Seva, ambayo nayo inao ufunguo huo, hurudia hesabu ileile kwa maneno iliyoyapokea, kisha hulinganisha. Kanuni itumikayo sana ni HMAC, iliyotolewa kama mwongozo wa intaneti mwaka 1997. Tofauti na mhuri wa ofisi ya kata, ambao ni uleule juu ya kila barua, saini hii huzaliwa upya kwa kila ombi. Herufi moja ikibadilika, saini yote hubadilika. Ndiyo maana seva hujua tu kwamba hazilingani, wala haiwezi kuonyesha palipokosewa.

Kosa aghalabu limo katika usimbaji wa vigezo. Mwongozo wa mwaka 2005 kuhusu anwani za intaneti, RFC 3986, unaruhusu herufi za Kilatini, tarakimu na alama nne tu, yaani kistari, nukta, kistari cha chini na kiwimbi, zipite bila shaka yoyote. Utaratibu wa saini wa OAuth 1.0 unaagiza kila alama nyingine igeuzwe kuwa asilimia na namba: ritifaa huwa %27. Lakini amri ya kawaida ya JavaScript, encodeURIComponent, huiacha ritifaa kama ilivyo, pamoja na mabano, kinyota na alama ya mshangao. Programu husaini Ng'wandu, seva husaini Ng%27wandu. Simu nyingine huandika ritifaa iliyopinda, ambayo husimbwa kwa baiti tatu, %E2%80%99. Hapo jina lenyewe limekuwa jingine.

Namba za simu zina mtego wake. Alama ya kujumlisha katika +255 lazima iwe %2B. Isiposimbwa, seva nyingi huisoma kuwa nafasi tupu, na namba hufika bila alama yake. Kwa upande wa pili, amri ya urlencode katika PHP huigeuza nafasi kuwa alama ya kujumlisha, ilhali saini huhitaji %20, itumike rawurlencode. Katika OAuth 1.0 vigezo vilivyokwisha kusimbwa husimbwa tena vinapoingizwa katika maneno ya kusainiwa, hivyo %20 huwa %2520. Wengi huliona jambo hilo kuwa kosa wakalisahihisha, na hapo ndipo wanapoharibu.

Saa nayo huleta matatizo. Wakati huhesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC. Anayehesabu saa za Afrika Mashariki kana kwamba ni UTC hukosea kwa sekunde 10,800. Huduma ya Amazon S3 hukataa ombi ambalo saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 15.

Njia ya uhakika ya kutafuta kosa ni kuchapisha maneno yenyewe yanayosainiwa, kabla ya hesabu, na kuyalinganisha herufi kwa herufi na mfano uliomo katika maelekezo ya mwenye mfumo. Ianzwe kwa ombi lisilo na nafasi wala alama. Likikubaliwa, kiongezwe kigezo kimoja kimoja. Likikataliwa, itazamwe kama ufunguo ulinakiliwa pamoja na mstari mtupu mwishoni, na kama vigezo vimepangwa kwa mfuatano uliotakiwa.

Mhudumu asimshauri mwananchi aondoe ritifaa katika jina lake ili mfumo ukubali. Taarifa zitapita siku hiyo, lakini jina halitalingana na lililo kwenye kitambulisho cha taifa, na mwenye jina ndiye atakayehangaika baadaye. Programu ndiyo irekebishwe.

Anayeomba msaada atume maneno yanayosainiwa na saini iliyopatikana. Ufunguo wa siri usitumwe kwa yeyote, hata katika kundi la WhatsApp la kikundi chenyewe. Ukiwa umekwisha kutumwa, ufutwe na uombwe mpya siku hiyohiyo.