Dondoo muhimu: Sauti ya filamu ndani ya wimbo wenu

Bendi yenu ya roki hapa Nyantende ikitaka kipande cha sauti kutoka L'homme qui répare les femmes, filamu ya Thierry Michel ya 2015 kuhusu daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi, mwandikieni prodyuza wa filamu hiyo kuomba ruhusa kabla ya kuingia studio. Tajeni dakika na sekunde za kipande, na wimbo utauzwa wapi. Muziki ukisikika chini ya maneno, huenda una mwenyewe mwingine, naye aombwe ruhusa. Yeyote kati yao asipojibu, hajakubali. Sheria ya hakimiliki ya Kongo ya 1986 inalinda filamu pia. Lakini sauti za akina mama wanaosimulia ubakaji katika filamu hiyo ziacheni, hata mkipewa karatasi ya ruhusa: walisimulia kwa ajili ya filamu, hawakuulizwa kuhusu wimbo.