Kiama Hakikuja, Mafuriko Yalikuja: Mafunzo Niliyopata

Kizazi chetu kimetangaziwa mwisho wa dunia mara nyingi. Tuliambiwa mwaka 2000 hautaingia. Mhubiri wa redio wa Marekani, Harold Camping, akataja 21 Mei 2011, na siku hiyo ilipopita salama akasema ni 21 Oktoba. Kisha ikaja 21 Desemba 2012, iliyodaiwa kutoka kwenye kalenda ya Wamaya. Kila mara utani ulijaa vijiweni na kwenye daladala, nami niliufurahia kama wengine.

Lakini mwaka uleule wa 2011, ambao Camping aliutabiria kiama mara mbili, Tanzania ilipatwa na maafa matatu ambayo hakuna nabii aliyeyataja. Februari, mabomu yalilipuka katika ghala la silaha Gongo la Mboto. Septemba, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi na kuua watu zaidi ya 200. Desemba 20, mvua kubwa ilisababisha mafuriko katika bonde la Msimbazi na sehemu nyingine za Dar es Salaam, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Nimeishi katika jiji hili miaka yote hiyo. Haya ndiyo mafunzo niliyoyapata.

1. Utani humpunguzia nguvu nabii wa uongo

Desemba 2012 mwenye duka wa mtaani kwetu aliandika kwa chaki mlangoni: “Madeni yote yalipwe kabla ya tarehe 21. Akhera hakuna M-Pesa.” Watu walicheka sana. Mama mmoja ambaye tangu asubuhi alikuwa akiulizia habari za kiama kwa hofu naye akacheka, akanunua unga wake, akaenda kupika.

Mzaha ule ulikuwa na swali ndani yake: kama dunia inaisha Ijumaa, mbona anayetangaza bado anakusanya michango? Hatari huanza pale swali kama hilo linapokatazwa. Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, wafuasi wa kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde walizuiwa hata kuzungumza, wakawa wanawasiliana kwa ishara. Waliambiwa mwisho ni 31 Desemba 1999. Siku ikapita, wakaambiwa wasubiri tena. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari. Jamii inayoweza kuicheka tarehe ya nabii hadharani ina kinga ambayo watu wale walinyang’anywa.

2. Muulize mtabiri anataka ufanye nini

Waislamu na Wakristo wote wanafundishwa kwamba saa ya mwisho haijulikani kwa mwanadamu. Wote pia wanamjua Yusuf. Alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakuishia kutaja miaka saba ya njaa. Aliagiza nafaka iwekwe akiba katika miaka ya neema, na watu wakapona.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu: utabiri unamtaka mtu afanye nini? Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inapotoa angalizo hutaja mikoa, siku na athari zinazoweza kutokea, ili mvuvi asiende baharini na wa bondeni apande juu. Haimwambii mtu auze shamba. Manabii wa tarehe huomba kinyume chake. Mfuasi mmoja wa Camping mjini New York alitumia akiba ya dola 140,000 kununua matangazo ya kiama. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, watu walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu, na tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Utabiri unaoniachia chakula changu, akili yangu na watoto wangu nitausikiliza. Unaonitaka nivitoe vyote hivyo nitaukataa, hata kama anayeutoa ameshika kitabu kitakatifu.

3. Mcheke nabii, usimcheke mfuasi

Mwaka 2011 jirani yetu mmoja aliwaachisha watoto wake shule kwa sababu ya tabiri zile. Siku ilipopita, vijana wakampachika jina la utani na kumwita kila alipokatiza. Akajifungia ndani. Aliyemrudisha kwa watu ni bibi wa nyumba ya pili, ambaye alimpelekea uji, akakaa naye na kuzungumza habari za ada na sare za shule. Habari ya kiama hakuigusa kabisa. Muhula uliofuata watoto walirudi darasani.

Jambo hili ni la zamani. Marekani, wafuasi wa William Miller waliisubiri 22 Oktoba 1844, baadhi wakiwa wameacha mazao yao shambani bila kuvuna. Kulipopambazuka walikuta dhihaka za majirani. Aibu humrudisha mtu kwa yuleyule aliyempotosha, kwa kuwa huko ndiko pekee asikochekwa. Ukiwa na ndugu aliyedanganywa, mfungulie mlango kabla hajapewa tarehe nyingine.

4. Tahadhari iliyopita kando si uongo

Aprili 2019 nilikuwa Mtwara kikazi TMA ilipotangaza kuwa Kimbunga Kenneth kinaikaribia pwani ya kusini. Shule zilifungwa, na watu wa maeneo ya hatari wakatakiwa kuhama. Nilimwona mvuvi mmoja na wanawe wakiivuta ngalawa hadi kwenye minazi. Aliifunga kwa kamba mbili, moja mbele na moja nyuma, akazivuta kwa uzito wake wote kupima mafundo. Kisha wakaenda nyumbani kupandisha mifuko ya mchanga juu ya mabati.

Kenneth hakikufika Mtwara. Vijiweni wakasema kimekosa nauli, na mvuvi yule akataniwa pamoja na ngalawa yake. Lakini kimbunga kilikuwa kimetua. Tarehe 25 Aprili, baada ya kupita Komoro, kiliipiga Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng’ambo ya mto Ruvuma, kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Sehemu kubwa ya nyumba za kisiwa cha Ibo iliharibiwa. Watu wa Mtwara wana ndugu upande ule, na simu zilipoanza kupatikana utani ukakoma wenyewe.

Umbali uliotuokoa haukufika kilomita 250, na kwa kimbunga huo ni mchepuko mdogo tu. Vimbunga si vigeni kwetu pia. Aprili 1872 kimoja kiliharibu mashamba ya mikarafuu ya Unguja, na Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Mei 2024 Hidaya kilipofika karibu na Mafia, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na mvua zake zikakata barabara ya kwenda Lindi. Aliyefunga ngalawa mwaka 2019 alikuwa sahihi siku ile, na angekuwa sahihi tena mwaka 2024.

5. Maafa yasipotokea, uliza nani amefanya kazi

Mwaka 2000 ulipoingia na kompyuta zikaendelea kufanya kazi, wengi walisema wataalamu walitutisha bure. Tatizo lilikuwa la kweli. Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili, hivyo 00 ingeweza kusomeka kama 1900. Kwa miaka kadhaa mabenki, mashirika ya umeme na serikali duniani walilipa watu wakague na kurekebisha mifumo hiyo. Usiku ule ulipita kwa utulivu kwa sababu yao.

Ukanda wetu una mfano wa kuumiza zaidi. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia Indonesia ilichukua saa kadhaa kuvuka Bahari ya Hindi. Kenya habari zilipofika, watu waliondolewa fukweni, na kifo kilichoripotiwa huko ni kimoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao wakiogelea. Somalia walikufa mamia. Askari waliowafukuza watu ufukweni Mombasa siku ya mapumziko bila shaka walinung’unikiwa, na wanastahili shukrani hadi leo.

6. Maandalizi ni vitu vidogo vilivyo karibu na mlango

Baada ya mafuriko ya 2011 nilikwenda kusaidia katika shule moja iliyopokea waathirika. Mama mmoja alikuwa ameanika vyeti vya mwanawe juu ya dawati, akiachanisha karatasi moja moja kwa ncha ya kijiti. Wino wa jina ulikuwa umesambaa na muhuri hausomeki. Aliniambia nyumba ataijenga tena, ila hajui atamweleza nani kwamba mtoto huyu alifaulu.

Tangu wakati ule nyumbani kwetu kuna begi moja linaloning’inia nyuma ya mlango. Ndani kuna vyeti, nakala za vitambulisho na hati ya kiwanja katika bahasha ya plastiki. Kuna tochi, redio ndogo ya betri, filimbi, vidonge vya kutibu maji, dawa za presha za mama, na noti ndogondogo, maana mtandao ukikatika pesa za kwenye simu hazinunui hata mkate. Namba za ndugu zimeandikwa kwenye karatasi. Tumekubaliana na majirani nani atambeba bibi asiyeweza kutembea na tutakutana wapi kama njia ya darajani imefungwa. Makubaliano hayo hayakugharimu hata shilingi, nami nayathamini kuliko begi lenyewe.

Kwa hiyo msomaji wangu, cheka kila mtu atakapokutajia tarehe ya mwisho wa dunia, na mchekeshe jirani aliyeingiwa na hofu. Ila TMA ikitoa angalizo, nyamaza usikilize, kisha fanya inachosema hata kama mara iliyopita mvua haikunyesha. Masika huanza Machi. Kabla haijafika, weka vyeti vyenu mahali pasipoingia maji, zibua mfereji wa mbele ya nyumba yako, zungumza na jirani mwenye mgonjwa, na ubandike ukutani namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji mahali ambapo hata mtoto ataiona.