Blanketi la viraka: joto kutoka kwa nguo kuukuu

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Katika kila boma kuna nguo zilizokwisha kazi: shati lililoraruka kola, rinda lisilomtosha mtoto tena, sweta iliyotoboka viwiko. Nyingi huishia kupanguza meza ama kuwashia moto. Katika somo hili tutajifunza kuzigeuza kuwa blanketi la kulalia. Halihitaji cherehani wala stima. Linahitaji sindano, uzi na subira.

Kwa nini tujisumbue?

Wenzetu wa Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa wanaijua baridi ya mwezi wa Juni hadi Agosti. Blanketi likiwa moja na watoto ni watatu, kila mmoja huvuta upande wake usiku kucha. Kuna jambo baya zaidi. Wengine huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu, yaani kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na aliyelala hajui kwamba anaivuta. Familia nzima inaweza kukosa kuamka. Kwa hivyo tunaposema juu ya blanketi, hatusemi juu ya pambo la kitanda. Jiko lilale nje, na watu walale chini ya blanketi.

Blanketi hufanyaje kazi?

Blanketi lenyewe halina joto. Joto ni la mwili wako. Kazi ya blanketi ni kushika hewa iliyotulia, na hewa hiyo ndiyo huzuia joto lisitoroke. Ndiyo maana tunatumia tabaka tatu: juu viraka, katikati kitu chenye manyoya ama kilichofumwa, chini kitambaa kizima. Tabaka tatu nyepesi zenye hewa katikati zinaweza kukupa joto kuliko kitambaa kimoja kizito.

Vitu vinavyohitajika

Tuanze na blanketi dogo la mtoto anayekwenda shule, sentimita 90 kwa 120. Ukishajua hilo, kubwa halitakushinda. Tafuta:

- Nguo kuukuu za pamba, ama mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi wa nguo. Mafundi wengi huyatupa. Muombe akuwekee kwenye mfuko.
- Leso kuukuu ama kipande cha shuka kwa upande wa chini.
- Blanketi lililochakaa, ama sweta kuukuu, kwa tabaka la katikati.
- Uzi wa kushonea, na uzi wa kufumia sweta.
- Sindano mbili, moja ndogo na moja yenye tundu kubwa. Pia mkasi, chaki, rula na kadibodi ngumu.

Usichanganye suruali ya jinzi na kitambaa chepesi cha rinda. Kizito kitavuta chepesi hadi kiraruke. Kama una jinzi nyingi, zishonee blanketi lake pekee. Jihadhari pia na nailoni na polista, maana zikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi.

Hatua ya 1: Fua kwanza

Fua kila kitu kwa maji moto na sabuni kabla ya kukata, hata kama kinaonekana safi. Kuna sababu tatu. Kwanza, chawa na kunguni hukaa ndani ya mishono. Pili, kitambaa kinachoruka ni afadhali kiruke sasa. Tatu, kile kinachotoa rangi utakiona mapema. Anika juani, kisha upige pasi.

Hatua ya 2: Kata

Kata kadibodi yenye pande nne sawa, sentimita 17 kila upande. Weka juu ya kitambaa, chora kwa chaki, kata. Sentimita moja kila upande ni ya mshono, kwa hivyo kila kiraka kikishonwa kitabaki sentimita 15. Unahitaji viraka 48.

Shati la mtu mzima huchakaa kola na viwiko, lakini mgongo huwa bado mzima. Huko ndiko pa kukata. Kishike kitambaa kwenye mwanga; kama unaona mwanga ukipenya, kimekwisha, kiache. Hakikisha kadibodi imefuata uzi wa kitambaa. Kiraka kilichokatwa mshazari hunyooka, na blanketi zima litapinda.

Hatua ya 3: Panga

Panga viraka kwenye mkeka, safu 8 zenye viraka 6 kila moja. Tenganisha vyeusi na vyeupe, vyenye maua na visivyo na maua. Simama mbali kidogo, utazame, ubadilishe mpaka uridhike. Kisha kusanya safu moja moja na uzipe nambari kwa chaki.

Hatua ya 4: Shona

Weka viraka viwili, nje kwa nje, na ushone sentimita moja kutoka ukingoni. Piga mishono midogo, na kila baada ya mishono minne ama mitano rudi nyuma mara moja. Huko kurudi nyuma ndiko kunakozuia mshono wote kufumuka uzi ukikatika mahali pamoja.

Safu ikiisha, ipime. Iwe sentimita 92. Ikiwa moja ni 89 na nyingine 95, hebu fumua sasa. Ukiendelea hivyo pembe hazitakutana. Piga pasi mishono ya safu ya kwanza ielekee kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukiunganisha safu, mishono itaingiana vizuri na haitafanya vinundu. Sasa una kitambaa cha sentimita 92 kwa 122.

Hatua ya 5: Lalisha tabaka

Kata leso sentimita 102 kwa 132. Itandaze chini, upande wa nje ukitazama sakafu. Juu yake, katikati, weka blanketi kuukuu lililokatwa 92 kwa 122. Kama unatumia sweta, ondoa mikono na pindo nene, zifungue, uziunganishe ukingo kwa ukingo zisipandane. Juu kabisa weka viraka. Leso itabaki sentimita 5 nje kila upande.

Shikiza tabaka zote kwa mishono mirefu ya muda, ukianzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, makunyanzi yote yatakimbilia katikati na hutaweza kuyatoa.

Hatua ya 6: Funga mafundo

Tia uzi wa sweta kwenye sindano yenye tundu kubwa. Mahali viraka vinne vinapokutana, shusha sindano hadi chini, irudishe juu karibu na hapo, funga fundo mara mbili, kata ukiacha sentimita 2. Mafundo yote ni 35. Usiyaache machache, maana tabaka la katikati litakusanyika pembe moja siku ya kwanza ya kufua. Wala usishone kila mahali, kwa sababu utaifukuza ile hewa tunayoitaka.

Hatua ya 7: Pindo

Kunja ukingo wa leso nusu, kisha uukunje tena uje juu ya viraka, ushone. Toa mishono ya muda. Blanketi limekwisha.

Kwa kitanda cha mtu mzima, shona safu 14 zenye viraka 10, jumla 140. Upata sentimita 150 kwa 210 baada ya kumaliza. Kitambaa cha chini kiwe 162 kwa 222; shuka mbili kuukuu zikiunganishwa zitatosha.

Onyo: blanketi hili si la mtoto mchanga. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja anaweza kufunikwa uso akakosa pumzi.

Hatuko peke yetu

Wapo wanaoona haya kulalia viraka, ati ni alama ya umaskini. Basi na tutazame wengine. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika. Mababu zao wengi walichukuliwa utumwani na kuvushwa bahari. Wanawake wao hushona mablanketi ya nguo kuukuu yaitwayo kawandi. Huanza ukingoni na kuzunguka kwa mkono hadi katikati, na kwenye pembe huweka vipande vilivyokunjwa kama maua.

Kule Alabama, Marekani, akina mama Weusi wa Gee's Bend walishona kwa nguo za shamba zilizochakaa ili watoto wasipate baridi. Mwaka 1966 akina mama wa sehemu hiyo walianzisha chama cha ushirika, Freedom Quilting Bee, wakauza kazi yao. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalitundikwa katika jumba la makumbusho la sanaa huko Houston.

Kama kikundi chenu kinataka kuuza

Pigeni hesabu kabla ya kutaja bei. Huu ni mfano tu. Wekeni bei za soko lenu. Tuseme uzi ni shilingi 100, uzi wa sweta 150, mabaki ya fundi 50, sabuni na makaa ya pasi 50. Jumla ni 350. Mkiuza kwa 400 mtashangilia faida ya 50. Lakini kama mama mmoja alifanya kazi siku nne, amelipwa shilingi 12 na senti 50 kwa siku! Hiyo si faida. Bei isipoweza kulipa siku za kazi, ni afadhali kila mmoja ashonee watoto wake, na kikundi kitafute bidhaa nyingine ya kuuza.

Maswali ya kujadili

1. Nyumbani kwenu kuna nguo ngapi zisizovaliwa? Zinaishia wapi?
2. Nani katika kijiji chetu analala na baridi, na hana nguvu ya kushona? Nani atamshonea?
3. Kuna nyumba zinazolala na jiko ndani? Tutawaambiaje bila kuwaaibisha?
4. Akina baba na vijana wanaweza kusaidia hatua gani?

Kabla ya mkutano ujao, kila mshiriki alete viraka 12 vilivyofuliwa na kukatwa. Watu wanne wakileta, blanketi la kwanza litakuwa tayari kuanza kushonwa siku hiyo hiyo.