Dondoo muhimu: Ukipanda chombo peke yako

Meli za kitalii hupanga bei ya chumba kwa watu wawili; anayelala peke yake mara nyingi hulipia na kitanda kitupu. Hesabu ni ileile kwa mkazi wa Chuno, Mtwara, anayekodi boti kwenda Ghuba ya Mnazi, hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000: injini hunywa mafuta karibu yaleyale, abiria awe mmoja au wanne. Kivuko cha Msangamkuu, hukohuko Mtwara, hutoza kwa kichwa, hapo upweke hauna bei. Utaambiwa raha ya safari ni wenzako. Sawa, lakini aliye peke yake hamngoji mtu maji yakianza kupwa, na kivukoni, katikati ya baiskeli na ndoo za samaki, nani mpweke? Boti kodi ukipata wa kuchangia, na kusi ikichacha usilipe.