Kupinduka Angani: Alisa Camplin na Kanuni za Mwendo

Katika nchi zenye majira ya theluji, watu huteleza kwa mbao ndefu na nyembamba zifungwazo miguuni, ziitwazo ski. Mmoja wa michezo iliyotokana na mtelezo huo ni ule wa kuruka na kupinduka angani. Mchezaji huteremka mlima kwa kasi, hupanda tuta la theluji lililoinuliwa karibu wima, hurushwa juu, hupinduka mara mbili au tatu huku akizunguka kama pia, kisha hutua kwa miguu. Mchezo huu ulianza kugombewa medali katika Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1994, huko Lillehammer, Norwei.

Alisa Camplin alizaliwa mwaka 1974 mjini Melbourne, Australia, ambako theluji si jambo la kila siku. Utotoni alicheza jimnastiki. Mchezo huu aliuanza akikaribia umri wa miaka 20, hali wapinzani wake wengi walikuwa wameteleza tangu utoto. Alijua kupinduka kabla ya kujua kuteleza. Hiyo haikuwa hasara kubwa kama mtu angedhani, na sababu yake imo katika fizikia.

Miguu ikishaachana na tuta, mrukaji hana kitu cha kusukuma. Ukiacha ukinzani mdogo wa hewa, kani iliyobaki ni uvutano wa dunia, nao hutenda katika kitovu cha uzito wa mwili. Kwa hiyo hauwezi kuongeza wala kupunguza mzunguko. Momenta ya mzunguko aliyoondoka nayo kwenye tuta ndiyo atakayofika nayo chini. Anachoweza kubadili ni umbo la mwili tu. Jambo hili huonekana wazi darasani: mwanafunzi akae juu ya kiti kizungukacho, ashike kitabu kizito kila mkono, anyooshe mikono, azungushwe polepole, kisha aivute mikono kifuani. Kasi ya mzunguko itaongezeka bila ya mtu kumgusa.

Kujizungusha kama pia ni hila ya ndani zaidi. Mrukaji anayepinduka hushusha mkono mmoja na kuuacha mwingine juu. Mwili huinama kidogo upande, na sehemu ya momenta ya kupinduka huhamia katika mhimili utokao kichwani hadi miguuni. Akitaka kusimamisha mzunguko huo, huirudisha mikono na kuunyoosha mwili sawasawa. Haya ni maarifa ya jimnastiki, si ya theluji. Hata mazoezi yake hufanyika kiangazi, kwa kuruka kutoka jukwaa na kuangukia bwawani, ambamo hewa hupulizwa kutoka chini ili mapovu yalainishe maji.

Lakini theluji haina ulaini wa bwawa. Chukuliwe mfano wa mrukaji aliyeondoka na kasi ya kwenda juu ya meta 14 kwa sekunde na ya kwenda mbele ya meta 5 kwa sekunde, mvutano ukiwa 10. Atapanda karibu meta 10 kwa sekunde 1.4. Iwapo kutoka kileleni ataanguka meta 14, atafika chini baada ya sekunde 1.7 nyingine, akiwa na kasi ya wima ya karibu 16.7. Katika uwanja tambarare, miguu ingeipokea kasi hiyo yote. Ndiyo maana mahali pa kutua huwa mteremko mkali, wa nyuzi 37 hivi. Hapo kasi inayogonga uso wa theluji ni 16.7 × 0.8 kutoa 5 × 0.6, yaani karibu 10.4; sawa na kuanguka wima meta 5.4. Theluji yenyewe huchimbuliwa ili iwe laini. Hata hivyo, meta 5 ni kimo cha dari ya ghorofa ya kwanza, na kosa dogo la pembe hulipwa na mifupa.

Camplin alilipa. Wiki chache kabla ya Olimpiki ya Salt Lake City ya mwaka 2002, mifupa ya vifundo vya miguu yake yote miwili ilikuwa na nyufa. Mwenzake Jacqui Cooper, aliyetazamiwa sana kushinda, aliumia goti mazoezini siku chache kabla ya shindano. Camplin aliruka mara mbili, kila mara akipinduka mara 2 na kuzunguka mara 3, akatwaa dhahabu: mwanamke wa kwanza wa Australia kufanya hivyo katika michezo ya baridi. Baadaye goti lake nalo lilipasuliwa na kutengenezwa upya, lakini mwaka 2006 mjini Turin alipata shaba. Mwaka 2010 dhahabu ilirudi Australia kwa Lydia Lassila, naye pia mwanajimnastiki wa zamani.

Zoezi: Katika mfano uliotolewa, mteremko ukipunguzwa hadi nyuzi 20, mrukaji ataigonga theluji kwa kasi gani, na hiyo ni sawa na kuanguka wima meta ngapi?