Somo la mwezi: Mafundi wapya watapata wapi nyumba ya kujenga?

Ndugu wanamemba wa kooperative, safari hii hatusemi juu ya kahawa wala mihogo. Kwenye mikutano yetu kandokando ya ziwa Kivu swali moja linarudi kila mara: vijana wetu wamejifunza umasoni na useremala, wamefanya ekipe, wamenunua vyombo, lakini wakiliya hawaji. Tulikaa na kikundi kimoja cha vijana sita, watoto wa wakulima wa kahawa. Walikopa feza kwenye AVEC ya mama zao wakanunua toroli, nivo, misumeno na miiko. Mwezi wa tano ulikuwa unaisha, deni linatakiwa mwezi wa tisa, na hawajapata hata nyumba moja. Mama mmoja wa AVEC alituambia bila kuficha: "Ile franga si ya batoto, ni yetu. Bakikosa kazi, nani atalipa?"

Tuseme ukweli, shauri letu la kwanza lilikuwa baya. Tuliwaambia waandike makaratasi madogo na kuyagawa siku ya soko. Kisha soko tukakuta mama anayeuza karanga anazifungia ndani ya makaratasi yale. Mtu hampi nyumba yake fundi ambaye amemuona kwenye karatasi. Anampa fundi ambaye ameona ukuta wake, ao ambaye mtu anayemwamini amemtaja.

Kwa hiyo tulianza upya, na safari hii tulianza na macho. Mtu anayetaka kujenga hawezi kujificha. Anaanza miezi mbele: analeta mawe kidogokidogo kwenye parseli, anafyatua matofali, anayafunika na majani, anapanga tanuru. Mbao zinakaushwa nyuma ya nyumba. Vijana walitembea vijiji vitatu kwa siku mbili, wakaandika ndani ya daftari kila parseli yenye matofali ao mawe, na jina la mwenyewe. Walipata kumi na moja. Kumbe wakiliya walikuwepo, wanapita mbele yao kila siku wakibeba maji ya kufyatulia matofali!

Halafu kuna watu wanaojua mapema nani atajenga. Mwenye duka anayeuza misumari na manjanja anajua. Mwenye kupasua mbao anajua. Wale mama wa AVEC wanajua kuliko wote, kwa sababu siku ya kugawana akiba, mwisho wa muzunguko, wengi wanatoka pale na kwenda kununua manjanja. Hapa kwetu kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane ndicho wakati wa kujenga: feza ya kahawa imeingia, mvua imekatika, matofali yanakauka. Lakini mwezi wa tisa shule inafunguliwa na feza inaelekea huko. Fundi anayeanza kutafuta kazi mwezi wa saba amekwisha kuchelewa.

Msisahau watoto wetu walio Bukavu, Goma, ao mbali zaidi, wanaotaka kuwajengea wazazi wao. Hao wana hofu moja kubwa: wametuma feza mara nyingi na nyumba haikupanda. Kwao kazi inatafutwa kwa picha. Kila jioni tuma picha ya ukuta ulipofikia, na picha ya fakture ya simenti. Mkiliya wa namna hii akiridhika, rafiki zake wanauliza namba yako ya simu.

Sasa namna ya kuingia. Usimsimamishe mtu njiani. Nenda kwake jioni pamoja na mtu anayemjua, salimia, kaa. Na usizungumze na papa peke yake. Mara nyingi mama ndiye aliyeweka feza, na ndiye anayejua jikoni itakaa wapi na moshi utatokea wapi. Kijana mmoja alipouliza, "Mama, unapenda mulango wa jikoni utazame wapi?", mama akamjibu: "Weye ndiye fundi wa kwanza kuniuliza." Kazi ilianzia hapo.

Mtauliza, fundi ambaye hajajenga kitu ataonyesha nini? Ajenge kitu kidogo mahali watu wengi wanapita. Vijana hawa walijenga choo cha depo ya kooperative. Kooperative ilitoa vifaa, wao walitoa mikono. Siku ya kupima kahawa kila mwanamemba alikiona, na wazee wengine waliweka hata nivo yao juu ya ukuta ili wahakikishe. Kazi ya pili ilikuwa kutengeneza paa la mjane mmoja, feza kidogo sana. Dada yake alikuwa na tanuru la matofali.

Bei ndipo wengi wanaharibu. Fundi anataja bei ya kichwani, vifaa vinaisha ukutani haujafika kwenye linto, na mkiliya anasema: "Alinikulia feza." Neno hilo linafika sokoni mbele yako. Pima kwanza. Nyumba ya mita 6 kwa 5, yenye ukuta mmoja wa kugawa ndani wa mita 5, kwenda juu mita 2 na nusu: kuta za nje zina mita 22, na wa ndani 5, jumla 27. Zidisha na 2.5, unapata mita za mraba 67 na nusu. Toa milango na madirisha, zinabaki karibu 60. Ili kujua matofali, jenga mita moja ya mraba na matofali ya mkiliya mwenyewe, uyahesabu, maana kila mufyatuaji ana kalibu yake. Ukipata 60, ni 3,600, ongeza 400 kwa yale yatakayovunjika.

Kwa feza ya mikono tulikubaliana hivi: watu 6, siku 20, dola 3 kila mtu kwa siku, ni dola 360. Mkiliya ananunua vifaa yeye mwenyewe, mafundi hawashiki feza ya simenti. Analipa 120 musingi ukimalizika, 120 kwenye linto, 90 paa likipanda. Dola 30 zinabaki mpaka mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa, ili mafundi warudi kuona kama manjanja inavuja. Vijana walilalamika sana juu ya zile 30. Lakini ndizo zilizomfanya mkiliya wa kwanza asaini.

Jambo moja tunalikazia: kabla ya kuchimba musingi, mapatano yaandikwe mbele ya shefu wa kijiji na washahidi wawili, na shefu aulizwe kama parseli haina ugomvi. Huku kwetu ugomvi wa ardhi ni mwingi. Fundi anaweza kufukuzwa na musingi wake ukabaki chini ya majani, bila mtu wa kumlipa.

Kikundi kikitaka kusimama kisheria, OHADA, ambayo Congo iliingia mwaka 2012, inakubali kooperative ndogo ya watu 5.

Vijana sita wamejenga nyumba mbili kiangazi hiki na wamerudisha nusu ya deni. AVEC imewaongezea muda mpaka mwisho wa mwaka. Nyumba ya tatu, matofali yake yako bado ndani ya tanuru.

Kazi ya mkutano ujao: kila kikundi cha mafundi kilete daftari lenye parseli kumi zilizo na mawe ao matofali, na jina la mtu atakayewapeleka kwa kila mwenyewe.