Tenisi ukubwani: Tunza kano zako kabla ya kuukimbiza mpira

Huenda wewe ni mmoja wa wale ambao wamewahi kupita kando ya uwanja wa tenisi Jumamosi asubuhi, wakasimama kidogo penye ua, wakatazama, kisha wakajiambia kwamba mchezo huo ni wa watoto wa matajiri au wa watu walioanza wakiwa wadogo. Ni kweli kwamba Angella Okutoyi, ambaye mwaka wa 2022 alishinda taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon na kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la chipukizi katika mashindano makuu ya tenisi, alianza kushika raketi utotoni. Lakini wewe hutafuti taji. Wewe unatafuta jasho, usingizi mzuri na presha inayoteremka, na hayo hupatikana hata kwa anayeanza akiwa na miaka 40 au 50, maadamu aanze kwa utaratibu.

Nami naandika haya kwa sababu nilimkosea mtu. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mgonjwa wa miaka 47, karani wa ofisi, mwenye kitambi na presha ya 158 kwa 98. Nilimwandikia dawa, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kucheza tenisi nikiwa na miaka 42, nikamwambia kwa bashasha, "Bwana, tafuta raketi." Sikumwambia lolote zaidi. Jumamosi yake ya tatu uwanjani alirudi kwangu akichechemea. "Daktari, nimepigwa jiwe nyuma ya mguu," alisema. "Nani aliyekupiga?" nilimuuliza. "Hapakuwa na mtu," akajibu. Msuli wa shavu la mguu ulikuwa umechanika. Alipopona hakurudi uwanjani tena. Baada ya mwaka mmoja alikuwa ameongeza kilo saba na nikalazimika kumwongezea dawa ya pili.

Jambo ambalo nilipaswa kumweleza siku ile ni hili. Mwili wa mtu mzima haujifunzi wote kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu huitikia mazoezi baada ya majuma machache tu. Misuli nayo hufuata. Lakini kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo na hujiimarisha polepole, kwa muda wa miezi. Kwa hivyo katika juma la sita utajihisi kijana: pumzi haikatiki, mkono una nguvu, na mpira unaanza kutii. Ndipo utakapoongeza siku za kucheza kutoka mbili hadi nne, na ndipo kano ya kiwiko au ya kisigino itakapokudai.

Mpira mpole, uwanja mfupi

Wengi wetu tunapoanza hununua mipira ya manjano ya kawaida, tunasimama kila mmoja mwisho wa uwanja wenye urefu wa mita 23.77, kisha tunashinda saa nzima tukiokota mipira. Hapa Nairobi mambo ni magumu zaidi. Mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka kwa kasi na kudunda juu kuliko kawaida. Si wewe tu unayeona hivyo: shirikisho la kimataifa la tenisi limeweka aina za mipira za kutumiwa mahali palipo juu ya mita 1,219. Uliza dukani kama mipira unayouziwa ni ya aina hiyo. Msomaji wa Mombasa hana shida hii. Yeye ana joto na unyevu wa kushindana navyo.

Dawa yake ni mipira ya wanaojifunza. Upo wa rangi nyekundu, upo wa chungwa na upo wenye alama ya kijani. Ule wa chungwa una kasi pungufu kwa takriban asilimia 50 ukilinganishwa na wa kawaida, na wa kijani kwa asilimia 25. Watu wazima huona haya kuitumia kwa kuwa wanaiona mikononi mwa watoto. Mimi nasema haya hiyo imepeleka watu wengi kwa daktari. Mpira mpole hukupa muda wa kufika, kusimama imara na kupiga mbele ya mwili wako. Anayepiga akiwa amechelewa hupiga kwa kifundo cha mkono, na mzigo wote huangukia kiwiko.

Basi simameni wewe na mwenzako kwenye mistari ya ndani, ile iliyo mita 6.40 kutoka kwenye wavu, na mwelekezane mipira ya chungwa kwa upole. Mkiweza kupigiana mara 10 bila kukosa, rudini nyuma hatua mbili. Mkishindwa, songeni mbele tena. Mimi na mwenzangu tulikaa katika mpira wa chungwa miezi mitatu, na vijana waliokuwa wakisubiri uwanja walitucheka waziwazi.

Mtakapofika nyuma, pigeni mpira kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Wavu una urefu wa sentimita 91 katikati lakini 107 penye nguzo, na mshazari ni mrefu kuliko njia iliyonyooka kwa zaidi ya mita moja. Kwa hivyo mpira una mlango mpana zaidi wa kupita, nawe huna haja ya kukaza mkono.

Kuhusu akili ya kujifunza, mtu mzima ana kasoro moja kubwa: anafikiri mno. Anataka kujua kiwiko kiwe wapi, goti likunjwe vipi, bega ligeuke kiasi gani, yote kwa wakati mmoja. Wataalamu wa mazoezi wameonyesha mara nyingi kwamba mtu hujifunza vyema akielekeza mawazo nje ya mwili wake, kwenye lengo, kuliko akiyaelekeza kwenye viungo vyake. Weka mkebe au koni uwanjani na ujaribu kuugonga. Mkono utajipanga wenyewe. Tena, dakika 45 mara mbili au tatu kwa juma zina faida kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa sababu ubongo huhifadhi ulichojifunza katika siku za katikati, hasa unapolala. Siku ya tatu unaweza kushangaa kwamba pigo lililokushinda juzi sasa linatoka bila taabu.

Ukikosa mwenzako, ukuta unatosha. Lakini ukuta hauchoki na hurudisha mpira haraka, kwa hivyo simama mbali, acha mpira udunde mara mbili, na ukome baada ya dakika 20.

Kiwiko

Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko huitwa kiwiko cha tenisi, ingawa wagonjwa wengi ninaowaona nayo hawajawahi kugusa raketi. Ni mafundi seremala, wapishi, na akina mama wanaokamua nguo. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 35 na 55. Kano inayoinua kiganja huchoka pale inaposhikamana na mfupa. Dalili yake ni kwamba birika la chai linakuwa zito, na kumpa mtu mkono kunauma.

Mimi kilinipata mwezi wa saba wa kucheza, nikiwa nimepuuza ushauri ninaoutoa kila siku. Kwa miezi mitano nilibeba mkoba wangu kwa mkono wa kushoto.

Raketi ina sehemu yake katika lawama hii. Wengi wetu hununua za mitumba, na hakuna ubaya, lakini chunguza mambo matatu. Uzito uwe kati ya gramu 260 na 290, wala usichukue raketi nzito ya mashindano kwa sababu tu ina jina. Nyuzi zisiwe za poliesta ngumu, ambazo wauzaji husifu; omba nyuzi laini za nailoni, tena zisikazwe sana. Kisha shika mpini: kati ya ncha za vidole na kiganja pawe na nafasi ya kuingia kidole kimoja cha mkono wa pili. Mpini mwembamba hukulazimisha kukaza ngumi muda wote.

Kinga yenyewe haina gharama. Jaza maji chupa ya nusu lita. Keti, laza mkono juu ya meza kiganja kikiwa kimetazama chini na kining'inie ukingoni, ushike chupa. Inua kiganja kwa msaada wa mkono wa pili, kisha kiteremshe polepole peke yake ukihesabu hadi nne. Fanya mara 15, pumzika, urudie mara mbili zaidi. Fanya hivyo siku moja na kupumzika siku ya pili. Uchungu mdogo unaotulia kufikia asubuhi yake si hatari. Unaokuamsha usiku, au unaozidi siku baada ya siku, unakwambia upunguze kucheza.

Na ile sindano? Kila juma mtu huniomba nimdunge steroidi kiwikoni "ili niwahi mechi". Ni kweli kwamba uchungu hupoa upesi. Lakini katika utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka wa 2013, asilimia 54 ya waliodungwa dawa hiyo walirudiwa na maradhi ndani ya mwaka mmoja, ilhali kati ya waliodungwa maji ya chumvi walikuwa asilimia 12 tu. Mimi siidungi tena kwa ajili ya mechi. Wengi hupona ndani ya mwaka bila sindano wala kisu.

Shavu la mguu na kisigino

Hapa ndipo mgonjwa wangu alipoangukia. Tenisi si mbio za kunyooka. Ni kusimama ghafla, kugeuka na kuchomoka. Viatu vya kukimbilia vina soli nene na laini, na ukienda upande kwa kasi mguu huviringika. Tafuta viatu vyenye soli pana, tambarare na ubavu mgumu. Kama unaweza kupata uwanja wa udongo, upendelee kuliko wa saruji, kwa kuwa mguu huteleza kidogo badala ya kunata.

Usiingie uwanjani baridi, hasa asubuhi za Juni na Julai. Tembea kwa haraka, kisha enda upande upande, dakika 10 nzima, kabla ya kufungua mkebe wa mipira. Na nyumbani, simama kwenye kipandio cha ngazi kwa nusu ya mbele ya miguu, inuka kwa vidole, kisha shusha visigino polepole. Anza na mara 10, ufike 15 mara tatu.

Ukisikia mlio au pigo nyuma ya mguu, acha kucheza papo hapo. Ukishindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo, yamkini kano ya kisigino imekatika, na unahitaji daktari siku hiyo hiyo. Usikandwe, wala usisubiri Jumatatu.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Watu wengi mjini hununua dawa ya siprofloksasini, inayojulikana zaidi kama sipro, bila ya kumwona daktari, kwa ajili ya tumbo au "taifodi" au maumivu ya mkojo. Dawa hiyo na ndugu zake zinaweza kudhoofisha kano, hasa ya kisigino, na hatari huzidi kwa waliopita miaka 60 na kwa wanaotumia steroidi. Mwaka wa 2008 Marekani iliamuru onyo kali liandikwe kwenye maelezo yake. Athari yenyewe inaweza kutokea hata majuma kadhaa baada ya kumaliza vidonge. Ikiwa umepewa dawa hii kwa sababu halali, imalize ulivyoagizwa, lakini weka raketi kando kwa mwezi mmoja hivi na umwambie daktari ukihisi uchungu kisigino.

Moyo

Hapa sitakawia. Kama huhisi maumivu ya kifua unapopanda ngazi, hujawahi kuzirai ukifanya kazi ngumu, na hakuna aliyekufa ghafla katika jamaa yako kabla ya miaka 50, anza polepole bila ya hofu. Kama jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo, pimwa kwanza. Presha ikifika 180 kwa 110, itibiwe kabla ya mchezo. Mwenye kisukari anayedunga insulini awe na peremende mfukoni na akague nyayo zake baada ya kucheza. Kasi iwe ile inayokuruhusu kuzungumza, hata kama ni kwa vipande vipande.

Mtu atakutajia utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka wa 2018, ambao ulifuatilia watu 8,577 kwa hadi miaka 25 na kuonyesha kwamba wachezaji tenisi waliishi takriban miaka 9.7 zaidi ya wasiofanya mazoezi. Mimi huupokea kwa tahadhari, kwani anayecheza tenisi aghalabu ana kipato na wakati ambao mwingine hana, na hivyo navyo huongeza maisha. Ninachokiamini ni sababu moja waliyoikisia watafiti wenyewe, kwamba tenisi haichezwi peke yako. Kuna mtu anayekungoja saa moja asubuhi, na ukikosa kufika atakuuliza.

Mgonjwa wangu yule nilimwomba msamaha. Mwaka jana alikubali kurudi, safari hii kwa mpira wa chungwa, ngazi kila jioni na dakika 45 mara mbili kwa juma, pamoja nami. Alipopimwa mara ya mwisho presha ilikuwa 134 kwa 84, na dawa moja tumeiondoa. Jumamosi iliyopita alinishinda sita kwa nne.